Msumeno wa kona: mbao, aluminiamu na skwea paipu

Mafundi wengi hapa Nyakato wakinunua msumeno wa kona, ile mashine ya mezani inayoshusha diski ya meno kukata kwa pembe, diski iliyokuja nayo ndiyo hiyo hiyo mpaka meno yaishe, iwe kazi ya kenchi au ya fremu ya dirisha. Mimi naangalia kwanza ninachokata, ndipo nachagua diski.

Kwa diski ya inchi 10, meno 40 yanatosha paini ya kenchi. Mninga wa fremu na MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi) navipa 60 hadi 80, la sivyo kingo zinachanika. Mbao iliyopinda, mgongo wake, yaani upande uliobinuka nje, uguse ukuta wa mashine unaoegemeza mbao. Ukiigeuza, mkato unajifunga na kubana diski, mbao inaruka na mkono wako uko hapo hapo. Mkono ukae sentimita 15 kutoka kwenye meno, bila glovu. Glovu ikinaswa inavuta na vidole.

Kinachonisumbua zaidi ni mbao za mitumbwi chakavu, zile za kutoka mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, ambazo wateja siku hizi wanazitaka kwa meza. Msumari umekatikia ndani, juu kuna rangi na kutu iliyofanana na mbao yenyewe. Napitisha sumaku ya spika mbovu polepole, kila upande wa mbao, na kila inaponata nazungushia chaki. Jino la kabaidi, ile ncha ngumu ya diski, likikuta msumari linapasuka, na vipande vinakuja usoni. Miwani si pambo, jamani.

Aluminiamu inataka meno 80 au zaidi, yaliyolalia nyuma kidogo. Ya mbao yanaikwarua na kuipandisha juu. Profaili nyembamba naitia kipande cha mbao ndani isibonyee, naibana kwa klampu, kisha napaka nta ya mshumaa kwenye meno mashine ikiwa imechomolewa umeme. Chembe zake ni za moto, funga kola.

Skwea paipu, hapana kabisa. Cheche za chuma zikiingia kwenye mfuko uliojaa vumbi la mbao, unatafuta moto. Peleka kwenye mashine ya kukatia chuma.

Ukimaliza kukata, achia swichi, subiri diski isimame, ndipo uinue. Na unapobadili diski, chomoa plagi kwanza. Boliti yake kwenye mashine nyingi inalegea kwa kuzungusha upande wa kulia, usije ukaivunja kwa kuilazimisha kushoto.