Kupimwa kabla ya msimu si ramli
Msimu wa mechi ukikaribia, pale uwanja wa Bukhungu, Kakamega, hukosi kusikia mchezaji akisemwa: "Huyu kapimwa, haumii ng'o." Sivyo. Kipimo cha nguvu za paja hakimtambui atakayeumia. Matokeo ya wanaoumia na wasioumia huingiliana mno. Roald Bahr, daktari wa michezo wa Norwei, alilieleza hilo mwaka 2016. Kupimwa kuna faida nyingine: kugundua jeraha la zamani lisilopona, au hitilafu ya moyo.

Kinachokinga ni mazoezi, tena ya timu nzima. Mchezaji apige magoti, mwenzake amshike vifundo vya miguu, kisha ajishushe mbele polepole mpaka misuli ya nyuma ya paja itetemeke. Zoezi hili linauma kidogo mwanzoni, lakini hupunguza majeraha ya misuli hiyo kwa karibu nusu, bila mashine yoyote.