Kumrekodi polisi barabarani Kenya: yanayosemwa na yaliyo kweli

Maandamano yakizuka Nairobi, Mombasa au Kisumu, watu hutoa simu na kurekodi. Papo hapo husikika sheria ambazo hazimo katika kitabu chochote: nyingine hutamkwa na maafisa, nyingine na wenye simu wenyewe. Zote mbili zimewatia watu ndani. Yafuatayo yanahusu Kenya pekee. Ukivuka mpaka kwenda Tanzania au Uganda, sheria ni nyingine.

"Hakuna sheria inayoruhusu, kwa hivyo ni kosa"

Ni kinyume chake. Sheria za Kenya hazina kifungu kinachotaja kumrekodi afisa wa polisi akiwa kazini mahali pa umma, si kwa kuruhusu wala kwa kukataza. Kilichopo ni Katiba ya 2010. Ibara ya 33 inampa kila mtu uhuru wa kutafuta, kupokea na kusambaza habari, na Ibara ya 24 inasema haki hupunguzwa kwa sheria tu, tena kwa kiasi kinachofaa katika jamii ya kidemokrasia. Neno la afande aliyekasirika si sheria. Akikuambia umevunja sheria, muulize kwa upole: "Afande, ni kifungu gani?" Akikukamata, Ibara ya 49 inamtaka akueleze sababu mara moja, kwa lugha unayoielewa.

Wakati mwingine hutajwa kifungu kilichokwisha kufa. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano, kuhusu matumizi mabaya ya vyombo vya mawasiliano, kilifutwa na Mahakama Kuu mwaka 2016. Kashfa kama kosa la jinai, kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, nayo ilifutwa 2017. Iliyobaki ni kashfa ya madai, ambayo aliyechafuliwa jina hukushtaki mwenyewe akitaka fidia.

"Wanaoruhusiwa ni wanahabari wenye kadi"

Kadi ya Baraza la Vyombo vya Habari humtambulisha mwanahabari. Haigawi haki ya Ibara ya 33, ambayo ni ya "kila mtu": mama mboga, makanga, mwanafunzi.

"Maadamu ni haki yangu, nitasimama nitakapo"

Hapa ndipo wengi huponzwa. Hushtakiwi kwa kurekodi, unashtakiwa kwa kumzuia afisa kufanya kazi yake. Kifungu cha 253 cha Kanuni ya Adhabu kinaadhibu kosa hilo kwa kifungo cha hadi miaka mitano, na kifungu cha 103 cha Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi nacho kinalitaja. Shtaka hili ni rahisi kuandikwa: ikiwa ulikuwa hatua moja kutoka kwa anayekamatwa, ukamgusa afisa mkono, au ukasimama kati yake na gari, umeshampa nusu ya kesi.

Kwa hiyo rekodi kwa namna ambayo video yenyewe itakutetea. Sheria haikuweka kipimo cha mita, lakini ukisimama mahali ambapo afisa hawezi kukufikia kwa mkono wala kwa rungu, hata akinyoosha, ni vigumu kudai ulimzuia. Ukiambiwa urudi nyuma, rudi huku kamera ikiendelea, na useme kwa sauti: "Narudi nyuma, afande." Maneno hayo yataingia kwenye rekodi na hakimu atayasikia. Zima taa ya kamera usiku, maana mwanga machoni pa afisa mwenye silaha huleta hatari na pia humpa la kulalamikia. Usitukane. Ukiongozana na mwenzako, mmoja arekodi tukio na mwingine, akiwa mbali zaidi, amrekodi anayerekodi.

Lala ukijua pia kwamba haki iliyoandikwa haizuii rungu wala risasi. Mabomu ya machozi yakianza kurushwa, kona ya jengo au ghorofa ya kwanza ni mahali pazuri kuliko katikati ya barabara.

"Mahali popote nje ya nyumba ni pa umma"

Si kweli. Sheria ya Maeneo Yaliyolindwa, Sura ya 204, na Sheria ya Siri za Serikali, Sura ya 187, zinahusu maeneo maalumu, na kupiga picha maeneo kama Ikulu au kambi za jeshi kunaweza kukuingiza katika kesi nzito isiyohusiana kabisa na polisi uliyekuwa unamfuata. Ndani ya kituo cha polisi pia si sawa na barabarani, kwa sababu pale kuna mahabusu, walalamishi na silaha. Mahakamani usirekodi bila ruhusa ya mahakama.

"Polisi wanaweza kuifungua simu yako papo hapo"

Hapana. Ibara ya 31 inalinda faragha ya mawasiliano. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, kifungu cha 48, inamtaka afisa aombe kibali cha mahakama kabla ya kupekua au kuchukua data iliyohifadhiwa. Data ikichukuliwa, sharti iandikwe orodha yenye tarehe na saa, na nakala upewe.

Wengi hutaja hukumu za Marekani walizoziona kwenye YouTube. Ni kweli Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema mwaka 2014, katika kesi ya Riley, kwamba simu ya aliyekamatwa haipekuliwi bila kibali. Lakini afisa wa Kasarani hafungwi na hukumu hiyo. Taja Ibara ya 31.

Kwa vitendo: kabla ya kutoka nyumbani, zima kufungua simu kwa kidole na kwa uso, tumia nambari ya siri yenye tarakimu sita au zaidi. Simu nyingi huweza kufungua kamera bila kufungua simu, kwa mfano kwa kubonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili kwenye Android nyingi. Tumia njia hiyo, kwani simu ikinyakuliwa wakati unarekodi, vilivyomo ndani bado vimefungwa. Ikinyakuliwa, usiivute. Sema: "Sikubali simu yangu ikaguliwe bila kibali cha mahakama," kisha shika nambari ya afisa akilini. Kung'ang'ania simu ndiko kunakozaa lile shtaka la kifungu cha 253.

"Akikuamuru ufute, lazima ufute"

Hakuna sheria inayompa afisa uwezo huo. Tena kifungu cha 116 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya kuwa kosa kuharibu kwa makusudi kitu unachojua kinaweza kuhitajika kama ushahidi mahakamani. Ukilazimishwa kwa vitisho, okoa maisha yako kwanza. Kwenye iPhone, video iliyofutwa hukaa siku 30 katika albamu ya vilivyofutwa karibuni, na simu nyingine nyingi zina sanduku kama hilo. Usirekodi kitu kipya kabla ya kuirudisha.

"Afisa ana faragha yake, mfiche uso"

Afisa aliyevaa sare anatekeleza mamlaka ya umma. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi linamtaka aweke jina au nambari ya utumishi mahali panapoonekana wazi, yaani sheria inataka atambulike. Faragha inayostahili kulindwa ni ya wengine waliomo kwenye picha: mtoto, mwanamke aliyevuliwa nguo, mwandamanaji atakayetafutwa nyumbani kesho. Ficha nyuso hizo katika nakala utakayoichapisha, wala usiguse faili halisi.

"Nimeituma WhatsApp, ushahidi uko salama"

Hili ndilo linaloua kesi nzuri. WhatsApp ikituma video kwa njia ya kawaida huibana: nambari ya afisa begani hugeuka ukungu, na taarifa za faili kuhusu saa na mahali hupotea. Itume kama waraka, au ipakie kwenye hifadhi ya mtandaoni. Dakika moja ya video ya ubora wa 1080p huweza kufika MB 60 hadi 130, kwa hiyo weka bando la kutosha na nafasi kwenye simu mapema.

Kifungu cha 78A cha Sheria ya Ushahidi kinakubali ushahidi wa kidijitali, lakini mahakama hupima jinsi ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na nani aliuanzisha. Kifungu cha 106B kinadai cheti kinachoeleza kifaa kilichotumika na jinsi rekodi ilivyotolewa, kikiwa na sahihi. Video iliyopita makundi kumi haina wa kuitilia sahihi. Wewe uliyerekodi unaweza. Kwa hiyo usikate, usiongeze muziki, usibadilishe jina la faili, na usiuze simu hiyo.

Wakati wa kurekodi, anza na picha pana: bango la barabara, duka, jengo. Taja mahali, tarehe na saa kwa sauti. Kisha tafuta nambari begani au kifuani na nambari ya gari la polisi, ambayo kwa kawaida huanza na GK. Shika simu kwa upana na usizime mpaka tukio liishe. Video ya sekunde 15 huacha swali la kilichotokea kabla, nalo wakili wa upande wa pili ataliuliza.

Tarehe 17 Juni 2025, muuza barakoa alipigwa risasi kwa karibu katikati ya Nairobi. Video zilienea saa hiyohiyo, maafisa walikamatwa upesi, na mmoja baadaye akashtakiwa kwa mauaji.

"Ukiishaichapisha, kazi imeisha"

Kuchapisha hakufungui faili ya uchunguzi. Peleka nakala kwa IPOA, mamlaka huru inayochunguza polisi, iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Simu ya bure ni 1559, na kulalamika hakulipiwi. Kikosi cha Masuala ya Ndani cha polisi nacho hupokea malalamiko. Kama kuna aliyeumia, ripoti kituoni mpate nambari ya OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo, kisha fomu ya P3, ile ya polisi ya kueleza majeraha, ijazwe na daktari wakati majeraha yangali mabichi. Ukikamatwa wewe, una haki ya kunyamaza, ya kuzungumza na wakili, na ya kufikishwa mahakamani kabla ya saa 24 kupita. Zikiishia nje ya saa za kazi au siku isiyo ya mahakama, unafikishwa siku ya mahakama inayofuata. Ndiyo sababu anayekamatwa Ijumaa jioni huweza kukaa ndani hadi Jumatatu: mpe mwenzako nambari ya wakili kabla hamjatoka nyumbani, iandikwe kwa kalamu mkononi.