Je, wajua kwa nini supu ya Toscana husubiri iwe kiporo?

Katika mkoa wa Toscana, katikati ya Italia, kuna supu nzito ya maharage na mboga ambayo jina lake lenyewe linaeleza upishi wake: ribollita, yaani iliyochemshwa tena. Anayeipika na kuipakua siku hiyohiyo ana supu nzuri ya maharage na mkate mezani, ila jina la ribollita bado hajalifikia, kwa kuwa supu hii hutakiwa kulala usiku mmoja, ipoe na kuganda, kisha irudishwe motoni. Wenyeji husimulia kwamba wake wa wakulima waliipika kwa wingi siku ya Ijumaa, siku ambayo Wakatoliki hawakula nyama, na kilichobaki kikapashwa moto Jumamosi na hata baada ya hapo. Masimulizi hayo yanatueleza kiporo kilitoka wapi. Kwa nini kikawa kitamu kuliko supu ya siku ya kwanza ni suala jingine, na jibu lake liko ndani ya harage na ndani ya mkate.

Harage kavu limejaa chembe ndogo za wanga. Zikipata maji ya moto, chembe hizo hunywa maji na kuvimba, na baadhi ya wanga huvuja na kuufanya mchuzi uwe mzito. Supu inapopoa, nyuzi za wanga hukaribiana na kushikana upya, ndiyo maana ugali uliolala huwa mgumu kiasi cha kukatwa kwa kisu. Jambo hilohilo hutokea katika sufuria ya ribollita, tena maradufu, kwa kuwa humo mna wanga wa maharage, wa viazi na wa mkate. Asubuhi ukiuchomeka mwiko katikati ya sufuria, husimama wenyewe. Ukipasha moto, mgando huo hulegea, lakini supu hairudi kuwa maji kama ya jana. Inabaki laini na nzito, mfano wa uji wa mboga.

Ladha nayo husafiri usiku kucha. Chumvi na utamu wa mboga huchukua muda kupenya hadi kwenye kiini cha harage, ukali wa kitunguu na kitunguu saumu hupungua, na harufu nyingi zinazoyeyuka katika mafuta hubaki zimeshikwa na mafuta ya zeituni, hata zikasambaa katika chakula chote. Anayependa maharage ya jana kuliko ya leo, na watu hao ni wengi kwetu, anaijua hali hii bila kufundishwa.

Mkate wa Toscana una upekee wake: hautiwi chumvi kabisa. Mgeni akiula mtupu huuona umepooza, na mimi simlaumu. Ndani ya supu, hata hivyo, ni wa kufaa sana, kwa sababu hunywa mchuzi uliokwisha kukolea bila kuongeza chumvi juu ya chumvi. Hutumiwa ukiwa umekaa siku mbili au tatu na kukauka, kwani mkate laini wa leo huvurugika ukawa ute. Asiyeupata atumie mkate wowote mgumu wa ngano usio na sukari, apunguze chumvi ya supu, na aepuke ule mkate mweupe wa vipande unaouzwa ndani ya mfuko wa nailoni.

Kwa watu sita nyumbani, roweka gramu 300 za maharage meupe makavu kwa muda wa saa 8 hadi 12, katika maji yaliyotiwa vijiko viwili vya chai vya chumvi kwa kila lita. Chumvi hiyo hulainisha maganda. Mwaga maji hayo, weka lita mbili na nusu za maji mapya pamoja na punje mbili za kitunguu saumu, kisha acha yachemke kwa nguvu kwa dakika kumi za mwanzo, kwa kuwa maharage mabichi yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko wa kweli. Baada ya hapo punguza moto, yaive polepole kwa saa moja hadi saa moja na nusu. Ponda nusu ya maharage na uyarudishe katika maji yake.

Katika sufuria nyingine, kaanga kitunguu kimoja, karoti mbili na mashina mawili ya selari, vyote vimekatwa vidogovidogo, kwa mafuta ya zeituni na moto mdogo. Mpishi wa kwetu huchemsha maharage kwanza, kisha huyaunga. Mtoscana huanza na kitoweleo hiki, ambacho hukiita soffritto, na hukipa dakika 15 au zaidi, kilainike bila kuungua. Ongeza nyanya mbili, viazi viwili, nusu ya kabichi na gramu 300 za majani ya mboga, mimina maharage na mchuzi wake, uache vitokote kwa muda wa saa moja. Nyanya haziingii mapema kwenye sufuria ya maharage mabichi kwa sababu maalumu: asidi yake huzuia kulegea kwa pektini, ile gundi inayoshikanisha seli za harage, na maharage yanaweza kubaki magumu hadi gesi ikaisha. Magadi hufanya kinyume chake na kuharakisha, lakini yakizidi huacha ladha ya sabuni, nami singeyatia hapa.

Majani ya asili ni cavolo nero, ambayo ni marefu, yenye mikunjo na rangi ya kijani iliyokaribia weusi, na husifiwa zaidi baada ya kupigwa na baridi kali, kwa kuwa mmea huo hujikinga kwa kugeuza wanga wake kuwa sukari. Asiyeyapata asihangaike. Sukuma wiki ni ya spishi ileile moja, na ikikatwa nyembamba hufanya kazi hiyo bila kulalamikiwa.

Hata maharage yenyewe ni wageni huko. Aina hii ilifika Ulaya kutoka mabara ya Amerika baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Kabla ya hapo Waitalia walikula kunde, zao lililoanza kulimwa Afrika. Annibale Carracci alipochora, katika miaka ya 1580, ile picha ya mla maharage iliyopo katika jumba la Colonna, Roma, punje alizoziweka katika bakuli la mkulima yule zina jicho jeusi la kunde.

Usiku huo, panga vipande vya mkate, takriban gramu 250, katika sufuria pana, ukimwaga supu juu ya kila tabaka. Ikipoa, iingize kwenye jokofu. Isikae nje zaidi ya saa mbili, kwani maharage yaliyopikwa huchacha upesi. Kesho yake ongeza maji kidogo, pasha kwa moto mdogo ukigeuza kwa mwiko hadi itokote hata katikati, kisha iache itulie dakika kumi kabla ya kupakua. Juu yake hutiwa mafuta mabichi ya zeituni, na wengine huongeza vipande vyembamba vya kitunguu chekundu. Ikibaki tena, siku ya tatu hutandazwa kwenye kikaango chenye mafuta hadi upande wa chini ushike ukoko, na mezani ukoko huo ndio hugombewa.