Kansa ya kibofu: tunamuuliza panya, halafu tunaenda kumuuliza na mbwa

Nikisema nafanya kazi maabara ya wanyama, swali la kwanza huwa ni hili: panya na binadamu wapi na wapi? Swali la haki kabisa, maana kwenye kansa ya kibofu cha mkojo wanyama wameshatuchanganya mara mbili, kuna waliposema hakuna shida kumbe ipo, na kuna waliposema ipo kumbe wala.

Mwaka 1895 daktari mpasuaji wa Ujerumani, Ludwig Rehn, aliona wafanyakazi wa kiwanda cha rangi wanapata kansa ya kibofu. Baadaye ikashukiwa kemikali inaitwa beta-naftilamini, ila wakijaribu kwa panya na sungura majibu hayaeleweki. Ni mpaka 1938 ndo Wilhelm Hueper na wenzake huko Marekani wakawapa mbwa, na mbwa wakaota uvimbe kibofuni kama wale wafanyakazi. Kisa ni kwamba kemikali ile inachakatwa mwilini kwanza ndo mabaki yake yanashuka na mkojo, na mkojo unakaa kibofuni masaa mengi, sasa kila mnyama ana uchakataji wake.

Ya pili ni sakarini, ile ya kutia utamu badala ya sukari. Miaka ya 1970 panya wakubwa (aina ambayo Kiingereza huitwa rat) madume walilishwa sakarini nyingi mno wakapata uvimbe wa kibofu, Kanada wakaizuia kwenye vyakula 1977, Marekani wakaweka onyo kwenye pakiti mpaka 2000. Kumbe kwenye mkojo wa panya wale sakarini ikizidi inafanya vichembe vigumu vinavyokwaruza ukuta wa kibofu, seli zinajikarabati bila kupumzika mpaka zinaharibika. Mkojo wa binadamu haufanyi hivyo.

Kwa hiyo siku hizi tunaanza na swali, mnyama baadaye. Ukitaka kuona kansa inavyoanza, unaweka kemikali iitwayo BBN kwenye maji ya kunywa ya panya, unasubiri miezi kadhaa. Panya wadogo (aina ya mouse, si watoto wa wale wakubwa) kansa yao hupenda kuchimba mpaka kwenye msuli, wale wakubwa mara nyingi hubaki juu juu kama vidole vidogo, na kwa binadamu kama robo tatu ya wagonjwa hugunduliwa ikiwa bado haijafika msulini, sasa ukichanganya hapo umejibu swali ambalo hukuulizwa.

Ukiwa na haraka ya kupima dawa, unapandikiza. Seli za kansa ya kibofu cha panya wadogo, ziitwazo MB49, zinapitishwa na katheta (mrija mwembamba) mpaka kibofuni, na tunatumia panya jike kwa sababu njia yake ya mkojo ni fupi na imenyooka, dume utahangaika bure (cha kuchekesha, seli zenyewe zilitoka kwa dume). Panya huyu ana kinga yake kamili, ndo maana anafaa kupima tiba kama BCG, ile chanjo ya kifua kikuu ambayo Alvaro Morales aliripoti 1976 kuiweka ndani ya kibofu cha wagonjwa. Uvimbe wa binadamu wenyewe unakubali tu kwa panya aliyepungukiwa kinga, na hapo dawa inayotegemea kuamsha kinga utaipimaje?

Mbwa mimi ndo nawapenda zaidi kwenye hii kazi, na hapa sisemi mbwa wa maabara. Mbwa aina ya Scottish terrier wanaipata wenyewe majumbani, hatari yao ni karibu mara 20 ya mbwa mchanganyiko, na wenye mbwa wakiwaleta kutibiwa tunajifunza huku mbwa anapata dawa. Nao wana kasoro, uvimbe mwingi wa mbwa una badiliko la jeni ya BRAF ambalo kwenye kibofu cha binadamu ni nadra.

Panapotushinda bado ni kichocho. Mayai ya Schistosoma haematobium, mdudu wa kichocho, yanaingia ukuta wa kibofu na miaka ikipita yanaweza kuleta kansa, lakini kwa panya mdudu huyu hakai kibofuni kama anavyokaa kwetu, ikabidi watafiti wachukue mayai kutoka kwa hamsta walioambukizwa, wayadunge moja kwa moja kwenye ukuta wa kibofu cha panya. Ukuta unavimba, seli zinaongezeka, ila kansa kamili haitokei.