Mandolini ya umeme: wanayosema watu kuhusu mbao, na ukweli wenyewe

Jamani hili la mpingo tulimalize. Ukisema tu unachonga mandolini ya umeme, ile ala ndogo ya nyuzi, utaambiwa bila mpingo hakuna sauti. Si kweli. Udi wa taarabu sawa, mandolini ya kawaida sawa, kule ubao wa juu ni mwembamba na ndo unaotikisika ukasukuma hewa, kwa hivo aina ya mbao inasikika. Hii ya umeme mara nyingi kiwiliwili chake ni kipande kizima, hakina tumbo, sauti inachukuliwa na pikapu, yaani sumaku na waya mwembamba wa shaba uliozungushwa mara maelfu, uzi wa chuma ukitikisika juu yake umeme mdogo unazaliwa kwenye ule waya unakwenda kwenye amplifaya. Sisemi mbao haina mchango kabisa, mafundi bado wanabishana, lakini pikapu, pahala ulipoifunga na nyuzi ulizotia vinaamua zaidi. Na kwenye nyuzi ndo wengi wanaharibu yakhe, wanatia za bronzi halafu wanalaumu mbao! Bronzi haivutwi na sumaku, zile nene zinatoka dhaifu. Tia zilizozungushiwa nikeli.

Mpingo ni mzito mpaka unazama majini, karibu mara mbili ya mninga, utauning'iniza begani mpaka lini? Uweke kwenye ubao wa vidole, ule wa juu ya shingo unaobonyezea nyuzi, hapo hauna mpinzani maana hauliki upesi. Kiwiliwili tia mfenesi. Watu wanaudharau, ati mti wa matunda, na milango ya Mji Mkongwe mingine ni mfenesi huohuo, na India ya kusini ndo wanaouchongea ala yao ya nyuzi iitwayo vina.

Mwingine atakwambia mbao yake, "Nimeianika juani wiki mbili, imekauka." Imekauka juu, ndani mbichi, na jua kali linaipasua. Ubao wa inchi moja unataka kama mwaka mzima kivulini, vijiti katikati ya ubao na ubao hewa ipite, ncha umezipaka rangi. Kwenye shingo ndo usifanye haraka kabisa, nyuzi 8 zinaivuta kwa karibu kilo 70 usiku na mchana, mbao isiyotulia itapinda tu na pikapu ya bei gani haitokuokoa.

Freti nazo, vile vyuma vya kukingama kwenye ubao wa vidole, wapo wanaosema fundi mzuri anapanga kwa sikio. Hapana, ni hesabu. Urefu wa uzi ukiwa milimita 350 gawa kwa 17.817, freti ya kwanza inakaa milimita 19.6 kutoka nati, yaani kile kipande cha mwisho wa shingo nyuzi zinapopita, kilichobaki gawa tena vilevile, ya 12 iangukie 175. Hapo ukikosea milimita moja msikilizaji anasikia.

Na ukichonga kwa mvule, vumbi lake si vumbi tu, linawasha ngozi na wengine linawaletea pumu, vaa barakoa. Randa nayo iwe karibu na jiwe la kunolea, mvule una vijiwe ndani vinakula makali.