Uwanja, Matuta na Shule: Barua ya Mtaa Ipelekwe Mlango Gani?

Msimu wa kukusanya maoni ya mpango wa maendeleo wa kaunti ukikaribia, meza zetu hujaa barua za vyama vya wakaazi wa mitaa ya Mombasa: Tudor, Ganjoni, Mkomani, Mikindani, Bamburi, Likoni. Nyingi husema mambo matatu. Uwanja wa watoto umeingiliwa; magari yanakwenda mbio mbele ya shule; shule yenyewe haina ukuta wala vyoo vya kutosha. Ni mambo ya haki. Taabu ni kwamba yote matatu hutiwa katika barua moja, ikaandikiwa Mheshimiwa Gavana, nakala kwa mbunge, MCA (mwakilishi wa wadi), chifu, OCS (mkuu wa kituo cha polisi) na mkurugenzi wa elimu. Mwezi ukipita bila jibu, kwenye kundi la WhatsApp la mtaa huandikwa kwamba serikali imenyamaza. Serikali haikunyamaza. Kila aliyepokea nakala ameona majina ya wenzake pale chini, akasema moyoni kwamba hili litashughulikiwa na fulani.

Sisi tunaoshughulikia ushirikishaji wa umma katika kaunti tumeona ni vyema kueleza utaratibu. Haya ni maelezo ya jumla. Hayachukui nafasi ya wakili, na sitagusa mzozo wowote ulio mbele ya mahakama.

Mgawanyo wa kazi uko kwenye Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Kaunti imepewa bustani, fukwe na viwanja vya burudani, barabara za kaunti, taa za barabarani, trafiki na maegesho, pamoja na shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya mashinani. Serikali kuu imebaki na shule za msingi na sekondari, polisi, na barabara kuu za kitaifa. Kwa hivyo gavana hamhamishi mwalimu mkuu. Tumelisema hili katika mabaraza mengi, na bado mtu wa kwanza kusimama huuliza lini kaunti italeta walimu wa Gredi ya Nne. Na hiyo "trafiki" ya kaunti ni mpangilio: steji ya matatu iwe wapi, magari yaegeshwe wapi, njia ipi iwe ya upande mmoja. Kumkamata dereva ni kazi ya polisi.

Barabara nazo zina wenyewe tofauti. Ile ya Malindi inayopita Bamburi kuelekea Mtwapa, na ile ya Nairobi inayopita Changamwe na Miritini, ziko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za kitaifa. Baadhi ya barabara za mjini ziko chini ya KURA, mamlaka ya barabara za mijini. Vichochoro na njia nyingi za ndani ya mitaa ni za kaunti. Huwezi kujua kwa kuitazama lami. Ulizeni ofisi ya mhandisi kabla ya kuandika, na mkiandika tajeni jina la barabara, inapoanzia, inapoishia, na jengo lililo karibu na hapo mnapolalamikia. "Barabara yetu mbovu" haimsaidii mhandisi yeyote, maana kila mtu ana barabara yake mbovu.

Sasa matuta ya kupunguza mwendo wa magari. Najua hasira inakotoka: mtoto akigongwa mbele ya lango la shule, hakuna mzazi atakayengoja upimaji. Lakini tuta la kujijengea usiku kwa michango ya mtaa ni kosa. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inamkataza mtu asiye na mamlaka kuweka kizuizi barabarani au kuichimba, hata kama nia yake ni njema. Tena matuta haya hujengwa vibaya. Vipande vya matofali, kokoto, saruji juu, hayana rangi wala kibao cha kuonya, na kimo chake hukadiriwa kwa macho. Tuktuk hukwaruza tumbo. Bodaboda asiye mwenyeji huliona akiwa ameshafika juu yake. Gari la wagonjwa hupunguza mwendo mahali ambapo halikupaswa. Masika ikija, maji yaliyokuwa yakiteremka hadi mtaroni huzuiwa na tuta, yakaingia katika nyumba ya kwanza upande wa chini, ambayo mara nyingine ni ya yule aliyechanga fedha nyingi zaidi. Kisha hutuletea barua ya mafuriko.

Njia ya sawa ni ombi kwa mwenye barabara, likiambatanishwa na barua ya mwalimu mkuu, saa ambazo watoto huvuka, na orodha ya ajali kama zimeandikishwa kituo cha polisi. Ajali isiyoandikishwa ni hadithi tu, samahani kusema hivyo. Mhandisi atapima na huenda akaamua kwamba panafaa kivuko au vibao badala ya tuta. Uamuzi huo ni wake kitaalamu. Haupigiwi kura mtaani.

Na wazazi wenyewe wasikilize. Asubuhi magari yanayopanda njia ya watembea kwa miguu mbele ya shule ni ya wanaoleta watoto. Kifungu 45A cha Sheria hiyo hiyo ya Trafiki kinasema anayeendesha gari juu ya njia ya waendao kwa miguu aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 30,000 au kufungwa kwa muda usiozidi miezi 3, au vyote viwili. Mwendo ndani ya mji usizidi kilomita 50 kwa saa. Chama kinachodai polisi wawepo langoni kijue kwamba polisi akifika hatachagua nani wa mtaa na nani mpita njia.

Mageti ni shida nyingine. Chama hufunga njia ya umma kwa chuma, kikaweka bawabu, na kila anayepita akaulizwa anakwenda kwa nani. Kama njia ni ya umma, usalama si kibali cha kuifunga. Vilevile mchango wa ulinzi: Ibara ya 36 ya Katiba inasema mtu hatalazimishwa kujiunga na chama chochote. Jirani asiyetaka kuchanga mnaweza kumbembeleza. Hamwezi kumfungia geti.

Viwanja vya wazi ndivyo vinavyotuchukulia muda mrefu zaidi, na hapa vyama vimefanya kazi kubwa kuliko vinavyosifiwa. Mwenye shamba akigawa ploti, sehemu fulani husalimishwa kwa umma iwe barabara, uwanja au nafasi ya shule. Ramani ya ugawaji huonyesha hivyo. Kisha miaka hupita, hati ya sehemu ile haitolewi, nyasi humea, na siku moja mabati huonekana pembeni. Ardhi ya umma ya namna hiyo, kwa Ibara ya 62, iko mikononi mwa kaunti kwa amana ya wakaazi, na husimamiwa kwa niaba yao na Tume ya Taifa ya Ardhi. Haiuzwi kwa makubaliano ya mtu na mtu. Ibara ya 40(6) inaongeza kwamba haki ya kumiliki mali hailindi mali iliyobainika kupatikana kinyume cha sheria, hata mwenyewe awe na hati mkononi.

Kwa hivyo msingoje mabati. Tafuteni ramani ya ugawaji iliyoidhinishwa, mjue nambari ya sehemu ya uwanja, mfanye sachi (upekuzi wa rekodi za umiliki) kwa msajili wa ardhi, kisha mtuandikie mkiomba iandikishwe. Chama chenye nambari ya ploti hupata jibu. Chama kinachosema "tangu tukiwa watoto tulicheza mpira hapa" hupata pole.

Mara nyingi uvamizi huja na karatasi zilizo sawa: ombi la kubadilisha matumizi. Chini ya Sheria ya Mipango ya Maeneo na Matumizi ya Ardhi ya 2019, mwombaji lazima autangazie umma na umma una haki ya kupinga. Ndilo lile bango linalopigiliwa kwenye mwarobaini wakati mwingine, herufi ndogo, nusu limefunikwa na tangazo la mganga. Lisomeni. Lina nambari ya ploti, matumizi ya sasa, matumizi yanayoombwa na mahali pa kupeleka pingamizi. Pingamizi lipelekwe kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa, na liwe na hoja za mipango: maji taka, msongamano, kivuli juu ya darasa, kupotea kwa uwanja wa pekee. Kwamba mwenye ploti si mtu wa hapa si hoja, na sentensi kama hiyo huharibu barua iliyokuwa nzuri.

Uamuzi ukitoka na hamkuridhika, rufaa huenda kwa Kamati ya Uhusiano ya Mipango ya Kaunti ndani ya siku 14 tangu uamuzi. Siku 14, si wiki mbili na kidogo. Kamati nayo ina siku 14 za kusikiliza na kuamua, na asiyeridhika hapo huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Wanaokuja siku ya ishirini wakiwa na saini mia za wakaazi hutuweka pabaya: saini tunazo, muda hatuna. Na anayeanza kujenga au kubadilisha matumizi bila kibali kabisa hutenda kosa chini ya kifungu cha 57 cha sheria hiyo ya mipango; akipatikana na hatia ni faini isiyozidi shilingi 500,000 au kifungo kisichozidi miezi 2, au vyote viwili. Ukiona mchanga unashushwa usiku, ripoti asubuhi, pamoja na picha inayoonyesha jengo la jirani ili mkaguzi ajue mahali.

Chama kinachosafisha uwanja na kupanda miti tunakishukuru. Lakini kushika ufagio hakumfanyi mtu kuwa mwenye uwanja. Pako mahali ambapo ufunguo wa uwanja wa umma hukaa mfukoni mwa mwenyekiti, na watoto wa mtaa wa pili hufukuzwa. Pako pia ambapo chama kimemwandikia mama wa mahamri ilani ya kuondoka. Leseni ya biashara hutolewa na kaunti na huondolewa na kaunti. (Mahamri yake, kwa taarifa yenu, hununuliwa na kamati hiyo hiyo saa moja asubuhi.) Mkitaka kutunza uwanja, tuandikiane makubaliano ya kazi na muda. Na tafadhali msije na picha za bustani ya ufuoni ya Mama Ngina, iliyofunguliwa upya 2019 baada ya ukarabati wa serikali kuu, mkadai kama hiyo kwa bajeti ya wadi.

Shule nitazipitia haraka. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imewapa wazazi viti 6 katika Bodi ya Usimamizi, na hapo ndipo pa kuulizia vyoo, ukuta na michango. Chama cha wakaazi hakiingii darasani kukagua. Kinaweza kuhimiza uchaguzi wa wazazi ufanywe na kuuliza kama ardhi ya shule ina hati miliki. Uwanja wa shule usio na hati una hatari ile ile niliyoeleza. Ada ya masomo hairuhusiwi katika shule ya umma. Na jambo ambalo vyama hukwepa kulisema: mzazi asiyempeleka mtoto shule aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote. Watoto wanaookota chupa ufuoni saa nne asubuhi wana majirani. Chekechea, narudia, ni yetu. Matatizo yake yaleteni kaunti.

Kuhusu fedha, mwaka wa serikali huanza Julai 1. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hufikishwa Bunge la Kaunti si baada ya Septemba 1, yaani karibu mwaka mzima kabla ya fedha kutumika. Februari 28 ni mwisho wa kuwasilisha waraka wa mwelekeo wa matumizi, Aprili 30 makadirio ya bajeti, Juni 30 bajeti iwe imepita. Anayekuja Mei kudai taa za barabarani ambazo hazikutajwa Agosti hatuwezi kumsaidia sana, ingawa tutampokea.

Usajili: kikundi cha jamii chini ya sheria ya 2022 ya kuandikisha vikundi hivyo kinahitaji watu wasiopungua 10, na huandikishwa na ofisi ya maendeleo ya jamii ya serikali kuu katika kaunti ndogo. Si kwetu. Mkutano wa hadhara au maandamano hutolewa taarifa kwa mkuu wa kituo cha polisi siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla, na hufanyika kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Sheria inasema taarifa. Haisemi ombi.

Basi barua iwe na jambo moja, ukurasa mmoja, kumbukumbu za mkutano ulioliamua, na nambari ya simu inayopokewa. Leteni nakala mbili; moja ibaki masjala, ya pili ipigwe muhuri na tarehe, mrudi nayo. Msimwachie bawabu. Mkitaka kujua mradi umefikia wapi au fedha zimetumikaje, ombeni kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2016, kwa Kiswahili mkipenda, maana sheria yenyewe imekitaja. Ofisi ina siku 21 za kuamua, na hamtozwi ila gharama ya nakala. Zikipita kimya, ndani ya siku 30 pelekeni nakala ile yenye muhuri kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Barua za tume hiyo, niwaambie, hazikai mezani.