Je, wajua kwa nini uchaguzi wa Kenya 2022 kila TV ilikuwa na mshindi wake?

Kama ulikuwa Kenya Agosti 2022 hii unaikumbuka vizuri. Wagombea wakubwa wa urais walikuwa wawili, Raila Odinga na William Ruto. Unawasha TV unaona Raila anaongoza, unabadilisha stesheni unakuta Ruto anaongoza, unaingia kwenye simu unakuta jamaa amejumlisha namba zake za tatu kabisa, na wote hao wanasema wametoa kwa IEBC, yaani tume yenyewe ya uchaguzi. Watu wengi mpaka leo wanaamini lazima kuna mtu alikuwa anatudanganya. Mimi nimeisoma hii kitu sana na naona jibu ni jengine kabisa.

Lakini kwanza tukumbuke hali ilivyokuwa, manake bila hiyo huwezi kuelewa kwa nini watu walikesha na simu. Mambo yalikuwa magumu jamani. Mvua ilikuwa imekosa misimu minne mfululizo kule kaskazini na mashariki, korona ilikuwa imeacha watu na madeni, halafu Februari vita vya Ukraine vikaanza, ngano ikapanda, mbolea ikapanda, mafuta ya kupikia ndio usiseme. Pakti ya unga ya kilo 2 ikafika shilingi 205. Tarehe 20 Julai, chini ya wiki tatu kabla ya kura, Rais Uhuru Kenyatta akatangaza ruzuku ya kuishusha hadi 100, na mtaani kwetu ule wa 100 ulikuwa ukisikia umefika dukani unatoka mbio, ukifika umeisha. Kwa hivyo kampeni yote ilikuwa ni bei. Ruto na wilbaro yake, ile nembo ya chama chake, akiongelea mama mboga na bodaboda, Raila na muungano wake wa Azimio wakiahidi shilingi 6,000 kila mwezi kwa familia zisizojiweza. Ukabila haukuisha, sitaki kusema uongo, lakini foleni niliyosimama mimi watu walikuwa wanaongelea unga.

Na kuna wengine walikata tamaa kabisa. Waliojiandikisha walikuwa zaidi ya milioni 22.1, waliopiga kura ni kama asilimia 65 tu, wakati 2017 ilikuwa karibu 78. Mombasa kwetu haikufika hata nusu. Sisi hata kura ya gavana hatukupewa siku ile, karatasi zilichapishwa vibaya zikawa na picha za watu wengine, ikabidi Mombasa na Kakamega tungoje mpaka tarehe 29 Agosti. Mtu ambaye anaishi kwa kibarua cha kila siku ukimwambia arudi tena foleni mara ya pili unamwambia apoteze siku mbili za mshahara.

Sasa twende kwa swali lenyewe.

Kenya 2022 ilikuwa na vituo vya kura 46,229. Kila kituo, kura za rais zikishahesabiwa pale pale mbele ya maajenti, msimamizi anajaza karatasi moja inaitwa fomu 34A. Hii karatasi ndio roho ya kila kitu. Juu ina jina la kituo, kaunti, jimbo na wadi, halafu idadi ya walioandikishwa, kura zilizoharibika, halafu majina ya wagombea wanne, Raila, Ruto, Wajackoyah na Mwaure, na mbele ya kila jina namba imeandikwa kwa kalamu, kwa mkono. Chini wanasaini maajenti wa vyama. Nakala moja inabandikwa mlangoni pa kituo ili mtu yeyote aione. Na mahakama ya rufaa ilishaamua 2017, kwenye kesi ya Maina Kiai, kwamba matokeo ya rais yaliyotangazwa pale kituoni ndio ya mwisho, hakuna mkubwa wa Nairobi anaruhusiwa kuyabadilisha.

Baada ya kujaza, msimamizi anaipiga picha kwa kile kifaa cha KIEMS (kile kile kilichokutambua kwa alama ya kidole asubuhi) na picha inaenda moja kwa moja kwenye tovuti ya IEBC. Na tovuti ilikuwa wazi kwa kila mtu. Wewe, mimi, mwanafunzi, mtu yuko zake Doha au Toronto, yeyote mwenye simu na bando alikuwa anafungua kaunti, jimbo, wadi, kituo, anaishusha fomu, anaisoma.

Na hapa ndipo watu wengi hawakuelewa. Kilichotumwa ni picha peke yake. Picha! Hakukuwa na namba zinazojijumlisha. 2017 kifaa kilikuwa kinatuma namba zilizochapwa pamoja na picha ya fomu, namba zikafika kwenye skrini haraka lakini fomu nyingi zikachelewa, ikawa vita, mpaka tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ikaufuta ule uchaguzi wa rais na njia ya kutuma matokeo ikiwa moja ya sababu kubwa. Kwa hivyo 2022 tume ikaamua basi, tunawawekea fomu zenyewe, atakaye ajumlishe.

Fikiria maana yake. Fomu elfu 46 na ushei, za mkono, kila moja lazima mtu aifungue, aangalie hii ni 1 au ni 7, aandike namba nne kwenye kompyuta, aende nyingine. Kufikia siku ya pili zaidi ya asilimia 90 ya fomu zilikuwa zimeshaingia kwenye tovuti, lakini kuingia na kujumlishwa ni vitu viwili tofauti kabisa. Vyombo vya habari vikaweka watu wao wa kuchapa, kila kimoja na wafanyakazi wake, kila kimoja kinaanza pale kinapotaka. Sasa kama wa kwako wameanza na Nyanza na Pwani unaona Raila juu, wa jirani wameanza na Bonde la Ufa na Mlima Kenya wanaona Ruto juu, na wote wawili wanasoma fomu za kweli kabisa! Ni kama watu wawili wanaohesabu gunia moja la maharagwe mchanganyiko, mmoja ameanza juu mwengine ametoboa chini.

Halafu hii mbio ilikuwa imebanana kupita kiasi, hiyo ndio sababu ya pili. Mwisho wa yote Ruto alitangazwa na kura 7,176,141 na Raila 6,942,930. Tofauti ni 233,211. Gawanya kwa vituo vyote uone, inakuja kura kama 5 kwa kila kituo. Tano! Mimi nilipopiga hiyo hesabu mara ya kwanza nilirudia nikidhani nimekosea. Mbio za namna hiyo ukikosa majimbo machache tu kwenye hesabu yako uongozi unaweza kugeuka, ndio maana usiku ule Raila na Ruto walikuwa wanapishana kama ngazi, na ndio maana TV baadaye zikapunguza kasi na nyingine zikaacha kabisa kuhesabu, jambo ambalo kwa kweli liliwakera watu na mimi pia naona wangeeleza vizuri kwa nini wanaacha, manake kimya ndicho kilichozaa uvumi.

Mshindi pia hashindi kwa kuongoza tu. Katiba inataka nusu ya kura zote na zaidi, pamoja na angalau asilimia 25 katika kaunti 24 kati ya 47. Ruto alipata asilimia 50.49. Ukijumlisha wale wanne halafu ukagawa mara mbili utaona alivuka nusu kwa kura kama elfu 70 hivi. Kwa hivyo hata mtu aliyekuwa na hesabu nzuri usiku wa tatu asingeweza kusema kwa uhakika kama kuna duru ya pili.

Wakati huo tume ilikuwa inafanya nini? Wasimamizi wa majimbo 290 walikuwa wanasafiri na zile fomu zenyewe, karatasi, mpaka ukumbi wa Bomas Nairobi, mezani zinalinganishwa na picha za kwenye tovuti, moja moja, maajenti wa vyama wakiwa pale. Fomu za 34A zinaunda 34B ya jimbo, za majimbo zinaunda 34C ya taifa. Sheria iliwapa siku 7 na wakatumia 6.

Siku sita kwa mtu mwenye mshahara ni likizo. Shangazi yangu ana kibanda cha viazi na vitunguu karibu na soko la Kongowea, na wiki ile nilikuwa naenda kukaa naye jioni. Magari ya mzigo yalipungua, watu walikuwa wananunua cha leo tu, na waliokuwa na jamaa bara walishasafiri. Ana daftari la kurasa 96, upande wa kushoto anaandika waliokopa, nusu kilo viazi, vitunguu vya ishirini, na upande wa kulia wiki ile alikuwa anaandika kura. Mimi namsomea fomu kwenye simu, yeye anaandika. Hatukufika mbali, tulimaliza wadi moja tu. Nikamuuliza, "Shangazi, si ungoje tu watangaze?" Akanijibu, "Mwanangu, mwaka ule sikungoja mimi? Nikangojea nini?"

Mwaka ule ni 2007. Wakati huo hakukuwa na fomu ya kuangalia kwenye simu, matokeo yalitoka Nairobi na hakuna aliyeweza kuyakagua, na kwenye ghasia zilizofuata zaidi ya watu 1,100 wakauawa. Reli ya kwenda Uganda iling'olewa pale Kibera, mafuta yakaadimika mpaka Kampala na Kigali, na uchumi uliokuwa unakua karibu asilimia 7 ukaanguka chini ya asilimia 2 mwaka 2008. Shangazi hakumbuki hizo asilimia. Anakumbuka gunia lake la vitunguu lililooza Mazeras kwenye lori.

Tarehe 15 Agosti matokeo yakatangazwa, makamishna wanne kati ya saba wa tume yenyewe wakayakana, kesi ikaenda mahakamani, na tarehe 5 Septemba majaji wote saba wa Mahakama ya Juu wakathibitisha. Moja ya hoja walizoangalia ni kama fomu za kwenye tovuti ni sawa na zile za karatasi na zile walizopewa maajenti, na hawakukuta tofauti ya maana. Unga wa 100 nao ukapotea. Akila kiapo tarehe 13 Septemba rais mpya alisema ile ruzuku ya unga ilikula shilingi bilioni 7 kwa mwezi mmoja bila kusaidia, na keshoyake petroli Nairobi ikapanda kutoka 159.12 hadi 179.30.

Mimi siku ya kura nilipiga picha ile karatasi iliyobandikwa mlangoni pa kituo changu, kona moja gundi ilikuwa imeachia inapepea na upepo. Siku ya pili nikaifungua kwenye tovuti nikaziweka zote mbili pamoja. Namba zilikuwa zile zile, mpaka pale karani alipokosea akakata na kuandika upya pembeni. Nikampelekea shangazi simu aone, akavaa miwani, akafuatisha na kidole mstari kwa mstari, halafu akaniambia hizo nazo niziandike kwenye daftari.